Postikadi za zamani na majengo ya mji: ya rangi ya kuchapwa, ya picha halisi, ya kitambaa au ya kung'aa, uanze na ipi?

Mtu akianza kufuatilia majengo ya zamani ya mji fulani kupitia postikadi, mapema sana anakwama sehemu moja. Anafungua maboksi ya muuzaji au mkusanyo wa maktaba mtandaoni anakuta jengo moja lina kadi kumi na kila kadi inalionyesha kivyake, hii ukuta wa pinki, ile ukuta wa kijivu, hii ina nguzo za umeme na waya kibao mbele, ile haina hata waya mmoja, na zote zinadai ni jengo lile lile kwenye mtaa ule ule. Sasa ipi ya kuamini, na ipi ya kununua?

Kiukweli hamna kadi inayosema kila kitu. Tatizo nnaloliona mimi ni kwamba wengi wanachagua kadi kwa uzuri wake kabla hawajajua wanaliuliza jengo swali gani. Anayetaka kujua rangi ya milango na anayetaka kujua ghorofa ya nne iliongezwa lini hawa hawahitaji kadi moja. Kwahiyo hapa naweka aina nne kubwa pembeni kwa pembeni, mizani ile ile kwa zote, alafu mwishoni tuangalie nani achukue ipi.

Vigezo kwanza

Vitu vitano. Umbo: madirisha, ghorofa, balkoni na mapambo ya paa yako kama yalivyokuwa au kuna mtu wa kiwandani kapitisha brashi? Rangi: ni ya kuaminika au ni makadirio ya fundi? Tarehe: ni rahisi kiasi gani kujua picha ilipigwa lini? Mitaa: inaonyesha barabara kuu na stesheni tu au inaingia mpaka kwenye nyumba za watu wa kawaida? Na upatikanaji, yaani unaikuta kirahisi au mpaka uvizie.

Uzito mkubwa mimi nauweka kwenye umbo na tarehe. Rangi unaweza kuitafuta kwa njia nyingine, kama jengo bado lipo unaweza hata kukwangua ukuta kidogo ukaona tabaka za chini, ila dirisha lililozibwa zamani na kupigwa plasta juu yake, bila picha hutajua kama liliwahi kuwepo.

Na jambo moja linazihusu zote nne, tulimalize hapa hapa: muhuri wa posta haukwambii picha ilipigwa lini, unakwambia kadi ilitumwa lini. Mchapishaji akishatengeneza sahani zake za kuchapia anaendelea kuchapa kadi ile ile mpaka iache kuuzika, na duka nalo linaiacha kwenye stendi miaka. Kadi yenye muhuri wa 1912 inaweza kubeba picha ya 1904 bila shida yoyote. Kwahiyo muhuri uchukulie kama ukomo wa juu, picha haiwezi kuwa ya baada ya hapo, basi.

1. Kadi za rangi za kuchapwa (kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1890 hadi Vita vya Kwanza)

Hizi ndo zinazokuja kichwani mtu akisikia postikadi ya kale. Picha ilipigwa nyeusi na nyeupe, ikapelekwa kiwandani, huko rangi zikawekwa moja baada ya nyingine kwa mawe ya lithografia au sahani. Ujerumani ndo walikuwa wababe wa kazi hii, kadi nyingi tu za miji ya Marekani na Uingereza zilichapwa kule hadi vita ya 1914 ilipokata njia. Uswisi nako kampuni ya Orell Füssli ya Zürich ilikuwa na mbinu yake ya fotokromu, yaani kuigeuza picha nyeusi na nyeupe kuwa chapa ya rangi, na upande wa Marekani Detroit Publishing Company ndo walichukua leseni yake.

Umbo: mwili mzima wa jengo huwa uko sawa, idadi ya ghorofa unaweza kuitegemea, mpangilio wa madirisha pia. Vinavyopotea ni vidogo vidogo, nakshi za mawe, herufi za kibao cha duka, vyuma vya balkoni, vyote vinamezwa na wino. Na fundi alikuwa na uhuru mkubwa, anafuta waya, anaongeza watu na gari la farasi, anampunguza jirani ili jengo kuu lionekane limesimama peke yake. Kadi za usiku ndo kichekesho kabisa. Chukua moja yenye mwezi na mawingu na madirisha ya njano, sogeza macho kwenye ukuta chini ya dari linalotokeza, utaona kivuli kikali kimekatika kwa mshazari, na hicho ni cha jua la mchana, mwezi umechorwa juu ya picha ile ile ya saa saba. Kwenye kadi hizo hata dirisha linalowaka taa lisikwambie chochote kuhusu chumba.

Rangi: makadirio. Fundi alikuwa mji mwingine, mara nyingi nchi nyingine, jengo lenyewe hajawahi kuliona, akibahatika anapewa maelezo mafupi na mpiga picha. Njia nzuri ya kujiridhisha ni kuchukua jengo moja maarufu na kadi zake kutoka kwa wachapishaji watatu tofauti. Mfano ni Call Building ya San Francisco, lile ghorofa refu lenye kuba lililomalizika 1898 kwa ajili ya gazeti la San Francisco Call. Zipange kadi zake mezani ulinganishe ukuta na kuba. Rangi zikitofautiana ujue huo ni ugomvi wa viwanda, jengo halihusiki.

Tarehe: hapa zina afadhali kubwa, siri iko mgongoni. Mwanzoni upande wa nyuma ulikuwa wa anwani tu, ujumbe unabanwa mbele pembeni ya picha. Uingereza ilipokubali mgongo uliogawanywa kwa mstari, ujumbe kushoto na anwani kulia, ilikuwa 1902, Ujerumani ikafuata 1905, Marekani ni Machi 1, 1907. Kwahiyo kadi ya mji wa Marekani yenye mgongo usiogawanywa, kwa kawaida ni ya kabla ya hapo. Na ukikuta maneno Private Mailing Card mgongoni uko kati ya 1898 na 1901.

Mitaa: barabara kuu, jumba la mji, posta, stesheni, kanisa kubwa, hoteli, daraja, bustani. Yaani vile vitu mji ulivyojivunia. Uchochoro usahau.

Upatikanaji: rahisi, zilichapwa kwa wingi mno na maktaba nyingi zimeshaziskani. Baada ya vita zikaja za mpaka mweupe, takriban 1915 hadi 1930, ambazo ni watoto wa hizi ila uchapaji wake mara nyingi hafifu, sina mengi ya kuzisifia zaidi ya kwamba zinaziba pengo la miaka hiyo.

Inamfaa anayetaka kuiona sura ya katikati ya mji kwa haraka, na anayefuatilia majengo makubwa ya umma.

2. Kadi za picha halisi

Hizi hazina wino wa kiwandani. Ni picha yenyewe, imesafishwa kwenye karatasi ya picha yenye mgongo wa postikadi. Kodak walileta kamera ya No. 3A mwaka 1903 na negativu yake, yaani filamu yenye picha iliyogeuzwa, cheupe cheusi na cheusi cheupe, ilikuwa na ukubwa sawa na kadi, kwahiyo negativu inalazwa juu ya karatasi, mwanga unapita, imeisha, hamna kukuza. Ndo maana ukiweka lenzi juu ya kadi nzuri ya aina hii unaingia ndani na ndani tena na picha haivunjiki.

Jinsi ya kuitambua: chukua kioo cha kukuzia cha mara kumi, angalia sehemu ya anga au ukuta mweupe. Ukiona nukta nukta zilizojipanga, hiyo imechapwa. Ukiona kijivu kinachoteleza laini bila nukta hata moja, umeipata. Za zamani pia zinakuwa na mng'ao wa fedha kwenye sehemu nyeusi ukizilaza kwenye mwanga.

Umbo: hapa ndo kwao. Unasoma kibao cha fundi viatu ghorofa ya pili, unaona pazia limetoka nje ya dirisha, unaona ukuta wa pembeni matofali yamebadilika rangi kuanzia usawa fulani kwenda juu, na hapo unajua ghorofa ya juu iliongezewa baadaye, kitu ambacho kadi ya rangi ingekifunika chote kwa pinki moja. Nguzo za umeme zipo, matope yapo, reli za tramu zipo. Kasoro ipo moja, wapiga picha wengine walipiga picha ya picha ya zamani wakaiuza kama mpya, ukiona picha ina ukungu halafu kingo zake za ndani zina kivuli cha karatasi, shtuka.

Rangi: hamna, isipokuwa chache zilizopakwa kwa mkono, na hizo nazo ni makadirio yale yale.

Tarehe: mgongoni kuna kisanduku cha kubandikia stempu kikiwa na jina la karatasi. AZO ndo inayokutwa sana: pembetatu nne zote zikiangalia juu ni takriban 1904 hadi 1918, mbili juu mbili chini ni takriban 1918 hadi 1930. Inakupa tarehe ya karatasi, sio ya negativu, ila kwa hizi umbali huwa mdogo kwa sababu mpiga picha wa mtaani alikuwa anachapa chache chache.

Mitaa: kila sehemu. Wapiga picha wa kuzunguka waligonga mlango kwa mlango, familia inasimama barazani, picha inapigwa, wanaagiza kadi kadhaa za kuwatumia ndugu. Duka dogo, shule, karakana, nyumba ya mbao pembezoni. Na majanga: baada ya tetemeko na moto wa Aprili 18, 1906 kule San Francisco kadi za magofu zilisambaa, na ile Call Building iliungua kwa ndani ila ikabaki imesimama na kuba lake. Shida ni kwamba nyingi za nyumbani hazina maelezo. Nyumba nzuri, mti, mtoto na mbwa, mji gani? Hakuna aliyeandika.

Upatikanaji: mgumu kuliko zote. Nyingine ilichapwa moja tu duniani.

Inamfaa anayekarabati nyumba, anayeandika historia ya mtaa usio na jina kubwa, na mtu mwenye subira.

3. Kadi za kitambaa (takriban 1930 hadi 1945)

Zinaitwa hivo kwa sababu karatasi yake ina michirizi ya kusokotana kama shuka, ukipitisha kidole unaisikia. Ilikuwa inashika wino vizuri na kukauka haraka, ndo maana rangi zinawaka vile. Jina kubwa ni Curt Teich wa Chicago, aliyeanzisha kampuni yake 1898, na Boston walikuwepo Tichnor Brothers, ambao kadi zao Boston Public Library wameziweka mtandaoni.

Umbo: michirizi yenyewe inakula vidogo vidogo, na brashi imepita kuliko kwenye aina nyingine yoyote. Barabara inafagiliwa, waya zinaondoka, anga linakuwa la bluu kuelekea waridi, lami mpya kila mahali. Ukiitumia kuhesabu madirisha sawa, ukitafuta nyufa za ukuta umepotea njia. Enzi hizi watu walipenda pia kuonyesha kitakachokuwepo badala ya kilichopo. Mnara wa juu wa jengo la Empire State la New York, lililofunguliwa 1931, ulisemwa utafungia ndege za puto, na ikazagaa picha ya kuungaunga ikionyesha chombo kimeshafungwa pale juu, wakati mpango wenyewe haukuwahi kufanya kazi.

Rangi: inachanganya. Mteja aliweza kutuma maelezo ya rangi pamoja na picha, kwahiyo kuna ukweli ndani yake, alafu kiwanda kinaukoleza. Mimi naichukulia hivi: kadi ikisema mlango ni wa kijani, huenda ulikuwa wa kijani, ila sio kijani kile.

Tarehe: kama kadi ni ya Curt Teich, hapa hamna aina inayoifikia. Tafuta namba ndogo mbele au mgongoni. Tarakimu ya kwanza ni mwaka ndani ya muongo, herufi inayofuata ni muongo wenyewe, A kwa miaka ya 1930, B kwa 1940, C kwa 1950. Kwahiyo 5A-H na namba zake ni 1935, 2B-H ni 1942. Kumbukumbu za kampuni ziko Newberry Library, Chicago, na ndani yake kuna mafaili ya kazi ambamo mengine yana picha asili kabla ya brashi. Yaani unaweza kulinganisha jengo lilivyokuwa na lilivyopambwa.

Mitaa: hoteli, sinema zenye taa za neon, migahawa ya barabarani, moteli za mwanzo, maonyesho, majengo ya mtindo wa art deco, ule wa mapambo ya mistari na pembe uliovuma miaka hiyo. Biashara ndo zilikuwa zinaagiza, kwahiyo utapata biashara ndogo nyingi ambazo kadi za 1905 zisingezigusa.

Upatikanaji: rahisi.

Inamfaa anayefuatilia majengo ya biashara ya kipindi hicho, na anayehitaji mwaka bila kubabaisha.

4. Kadi za kung'aa (kuanzia 1939)

Filamu ya rangi ya Kodachrome ilitoka 1935, na kufikia 1939 kampuni ya mafuta ya Union Oil kule Marekani ilikuwa inatoa kadi za picha za rangi kwenye vituo vyake, baada ya vita zikatawala. Wakusanyaji wengi wanazidharau, wanaona ni za juzi tu. Mi naona wanakosea, maana majengo yaliyojengwa na kubomolewa kati ya 1950 na 1980 kumbukumbu zake za rangi mara nyingi ndo hizi hizi.

Umbo: zuri, hii ni kamera inaongea. Lakini ujanja haukuisha. John Hinde, mchapishaji maarufu wa kadi za Ireland na Uingereza, alijulikana kwa kuweka matawi ya maua mbele ya kamera kuficha kisichopendeza, kwahiyo ukiona kichaka kimechanua kwa kushangaza pale pale kona ya jengo, jiulize nyuma yake kuna nini.

Rangi: bora kuliko zote nne, ingawa kadi iliyokaa dirishani juani inaelekea bluu kwa sababu wino mwekundu na wa njano hupauka kwanza. Angalia anga na nyasi kabla hujaamini ukuta.

Tarehe: inasumbua kidogo, wachapishaji wengi hawakuweka mwaka. Magari yanasaidia. Kwa Marekani tazama anwani ya mchapishaji, ikiwa na ZIP code, ile namba ya eneo la posta, basi ni ya 1963 au baada yake.

Mitaa: viwanja vya ndege, barabara za kasi, moteli, mabweni ya vyuo, minara ya ofisi. Pennsylvania Station ya New York ilifunguliwa 1910, ikaanza kubomolewa 1963, na Madison Square Garden iliyofunguliwa 1968 imekaa pale pale juu. Kadi ya rangi ya enzi za mwanzo inakupa stesheni, kadi ya kung'aa inakupa kilichokuja kuikalia.

Upatikanaji: zipo kibao, na kwa sababu zinadharauliwa hakuna wa kugombana naye.

Inamfaa anayependa usanifu wa kisasa wa katikati ya karne ya 20, na anayetaka kujua mtaa uligeuka nini.

Sasa, wewe uko wapi?

Kama unakarabati nyumba na fundi anakusubiri umwambie baraza lilikuwaje, weka nguvu zote kwenye picha halisi, na usiitafute nyumba yako tu, tafuta na za majirani, mara nyingi baraza lako limejitokeza pembeni ya picha ya mtu mwingine.

Kama jengo bado lipo ila unahisi limekatwa au limeongezewa, hitaji lako ni mfululizo, chukua moja ya kila kipindi. Call Building tena: kuba liliondolewa 1938 na juu yake zikajengwa ghorofa mpya, leo linaitwa Central Tower na ukipita chini hulitambui. Kadi moja nzuri ya 1905 isingekusimulia hilo, kadi tatu hafifu za miaka tofauti zinakusimulia.

Kama unaandika kuhusu mtaa mzima uliofutwa, anza na za rangi kupata mifupa ya barabara, jazia picha halisi kwenye nyumba, na kwa miji ya Marekani zilaze juu ya ramani za bima ya moto za Sanborn, ambazo Library of Congress wanazo mtandaoni, pinki ni tofali, njano ni mbao, bluu ni jiwe. Kadi inakwambia jengo lina sura gani, ramani inakwambia ukuta ni wa nini hasa, na zikigombana kuhusu ukuta ulijengwa kwa kitu gani, ifuate ramani.

Kama unataka za kuning'iniza ukutani tu, chukua za kitambaa, ni za kufurahisha, ila ning'iniza nakala, ya asili ibaki gizani.

Kama hujui hata mwaka wa kuanzia, chukua ya Curt Teich yenye namba, hata kama sio nzuri. Ukishakuwa na mwaka mmoja wa uhakika, kadi nyingine unazipanga kwa kulinganisha nayo: mti ulikuwa mfupi, jirani alikuwa hajajengwa, kibao kilikuwa kingine.

Na ukinunua mtandaoni, aina yoyote, omba picha ya mgongo kabla hujalipa. Muuzaji akikwepa, mwache aendelee nayo.